Irabu Moja ya Kihawaii

Mtu akikuletea maneno mawili matatu uyatie katika Kihawaii, yachukulie kama kazi nzito. Tuseme ni "wimbo wa Liliʻuokalani". Wimbo ni mele, hilo halina mjadala. Jina la malkia halitafsiriwi. Kazi yote imebaki kwenye "wa".

Kiswahili hakikulazimishi kusema zaidi: huenda aliutunga mwenyewe, huenda alitungiwa. Kihawaii kinakubana useme. Ukiandika ke mele a Liliʻuokalani, mtunzi au mwimbaji ni yeye. Ukiandika ke mele o Liliʻuokalani, wimbo umetungwa kwa heshima yake. Liliʻuokalani, malkia wa mwisho wa Hawaii, aliyepinduliwa Januari 1893, ndiye aliyetunga Aloha ʻOe mwaka 1878. Mfasiri atakayeuita wimbo huo wa o atakuwa amempokonya malkia utunzi wake kwa irabu moja, na hakuna msahihishaji wa tahajia atakayeliona kosa hilo.

Kwa jumla, a huenda na kile ambacho mtu ana mamlaka nacho au amekianzisha: chakula chake, kazi yake, watoto wake. O huenda na kile alichokikuta au kinachombeba na kumsitiri: wazazi, ardhi, nyumba, mtumbwi, nguo. Ndiyo maana mtoto ni wa a na mama ni wa o. Lakini kukariri orodha hakutoshi, maana kitu kimoja huhama. Shada la maua, lei, ukiwa umelivaa ni la o. Ukiwa unaliuza ni la a. Nā iwi o Pua, Pua likiwa jina la mtu, ni mifupa ya mwili wake mwenyewe. Nā iwi a Pua yaweza kuwa mifupa anayoitafuna mezani. Hapo ndipo ninapowavulia kofia wafasiri wa lugha hii: kabla ya kuandika herufi moja, sharti wajue maisha ya kile kitu.

Mgawanyo huohuo umo katika vihusishi viwili vya Kihawaii, na na no, ambavyo sisi tungevisema kwa "kwa ajili ya". Samaki wa kumpa mtoto ni he iʻa na ke keiki. Nyumba yake ni he hale no ke keiki. Tena no hubeba maana ya "kuhusu": he moʻolelo no Pele ni hadithi inayomhusu Pele, mungu wa volkano. Ukiweka na, hadithi inakuwa yake, ameisimulia yeye.

Sisi tunaotofautisha nyumbani pangu, kwangu na mwangu tunaujua utamu wa usahihi wa namna hii, na tunajua pia unavyopotea lugha isipotumika. Sheria ya 1896 ilifanya Kiingereza kuwa lugha ya kufundishia Hawaii. Kihawaii kilirudi kuwa lugha rasmi ya jimbo mwaka 1978, na miaka michache baadaye zikaanza shule za watoto wadogo za Pūnana Leo. Wengi wanaokiandika leo wamejifunza shuleni, na a na o ni miongoni mwa mambo wanayoyatolea jasho.

Basi ukiombwa tafsiri ya maneno ya kuchonga kwenye kaburi au kuandika mwanzoni mwa kitabu, usikimbilie kamusi. Muulize kwanza mwenye maneno kuhusu kitu kinachotajwa: nani alikitengeneza, nani anakivaa, nani anatajwa ndani yake?