Bahari kama Mandhari, Bahari kama Mhusika: Uhakiki wa Maonyesho ya Sanamu ya Bondi, Australia

Katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili, mandhari huwekwa chini ya fani na mara nyingi hutajwa kwa sentensi mbili kisha kuachwa. Maonyesho ya Sculpture by the Sea, yanayofanyika jijini Sydney, hayaruhusu wepesi huo. Yanamlazimu mhakiki aulize iwapo mahali panaweza kutenda kama mhusika.

Maonyesho hayo yalianzishwa na David Handley mwaka 1997. Sanamu zaidi ya 100 hupangwa kandokando ya njia ya waenda kwa miguu yenye urefu wa takribani kilomita 2, kutoka ufuko wa Bondi hadi Tamarama, juu ya magenge yanayopigwa na mawimbi ya Pasifiki. Hakuna kiingilio. Kwa hiyo hadhira yake inajumuisha wakimbiaji wa asubuhi na waogeleaji ambao hawakukusudia kutazama sanaa yoyote. Mbele ya hadhira hiyo, kila sanamu hushindana na bahari, na nyingi hushindwa.

Horizon ya Lucy Humphrey, iliyoonyeshwa mwaka 2013, haikushindana. Ni tufe kubwa angavu la akriliki lililojazwa maji. Mwanga ukipita humo hupinda, na mtazamaji huona ulimwengu umepinduliwa: bahari juu, mbingu chini. Upeo wa macho, ambao ndio maana ya jina lake, umo ndani ya kazi yenyewe.

Kikaango kikubwa mno cha Andrew Hankin, We're Fryin' Out Here, kilichowekwa juu ya mchanga wa Tamarama mwaka 2014, kinastahili kujadiliwa kwa kina zaidi, kwa kuwa kazi za kuchekesha hupuuzwa haraka. Watu waliingia ndani yake wakapigwa picha. Ni mzaha, naam, lakini una meno: Australia ni miongoni mwa nchi zenye viwango vya juu kabisa vya saratani ya ngozi duniani, na aliyejilaza kikaangoni alikuwa ametoka kujilaza juani hatua chache tu kutoka hapo. Mtazamaji ndiye kitoweo. Jua ndilo moto. Dhihaka hiyo haikuhitaji maelezo ya ukutani.

Kinyume chake ni pete za granaiti za Keizo Ushio wa Japani, mshiriki wa mara kwa mara, zilizokatwa na kupindwa hata jicho lisijue uso wa jiwe unaanzia wapi. Ufundi wake ni wa hali ya juu kuliko wa Hankin. Hata hivyo, pete hizo zingesimama katika ua wa makumbusho bila kupoteza kitu. Bahari kwazo ni pazia la nyuma.

Tofauti hii si ya kinadharia tu, kwani sanamu nyingi huonyeshwa ili ziuzwe. Pete za Ushio huhama zikiwa kamili. Kikaango kikipelekwa katika bustani ya tajiri hubaki chombo kikubwa kisicho na jiko. Msanii anayetegemea mauzo, basi, ana sababu nzuri ya kiuchumi ya kuipa bahari kisogo katika maonyesho yanayobeba jina lake. Mtafiti anayezisoma kazi hizi kwa picha za katalogi pekee hawezi kuliona hilo. Hana budi kurekodi pia sanamu ilielekea wapi, ilisimama juu ya nini, na watu waliitumiaje.