Kamba, maua na mawe

Kitabu cha Narrative Exposure Therapy, cha Maggie Schauer, Frank Neuner na Thomas Elbert, kilitoka mwaka 2005. Ni mwongozo wa kutibu kiwewe. Mimi nimekisoma kama mkimbizi, si kama daktari.

Hoja yake inatoka kwenye utafiti wa ubongo. Sehemu iitwayo amigdala hushika woga: mlio, harufu, moyo kudunda. Hipokampasi hupanga mahali na wakati. Siku ya balaa, woga unashikwa sana, mpangilio unapotea. Ndiyo maana mlango ukigongwa usiku mtu anaruka, kama vile wamefika tena. Kumbe hajarogwa wala si kichaa. Tiba inarudisha mahali na tarehe. Unalaza kamba chini, ua kwa jambo jema, jiwe kwa baya, kisha unasimulia jiwe mojamoja. Msikilizaji anaandika, na siku nyingine anakusomea.

Maelezo hayo yananiridhisha. Je, yanatosha? Jaribio la Nakivale, Uganda, lililochapishwa mwaka 2008, lilikuwa na wakimbizi 277 wa Rwanda na Somalia, na washauri walitoka kwa wakimbizi wenyewe. Tiba hii ilisaidia. Lakini ushauri mwingine, usiobanwa na mwongozo, ulisaidia karibu sawa, ingawa walioacha katikati walikuwa 21%, dhidi ya 4% kwa tiba ya kusimulia. Mimi nasoma hivi: ubongo unahitaji mpangilio, lakini unahitaji pia mtu anayerudi wiki ijayo.

Penye udhaifu ni hapa. Tiba inataka ubongo ujue kwamba yale yamepita. Sasa mtu ambaye posho yake imepunguzwa, na hajui kesho atarudishwa au la, jiwe lake bado linawekwa. Sonona yake haitoki kwenye kumbukumbu peke yake, na hapo hakuna hipokampasi ya kulaumu.

Tena, sisi tumeshasimulia sana kwenye intavyuu. Kule unasimulia ili uaminiwe, na karatasi inabaki kwenye faili lao. Katika tiba hii, mwishoni karatasi ni yako. Ndugu wa mashirika, mkiileta tiba hii blokuni kwetu, wafundisheni wenzetu waifanye. Na msiipeleke ile karatasi ofisini.