Mlango Hausomwi kwa Kamusi

Kwa miaka mingi, kila nilipofikiwa na mgeni, nilikuwa nikimpitisha katika vichochoro vya Mji Mkongwe nikimsomea milango. Samaki, nilimwambia, ni dua ya kizazi. Mtende ni neema. Mnyororo ni ulinzi wa nyumba. Mgeni aliridhika, nami nikaridhika zaidi, kwani hapana raha impendezayo mfasiri kama kuona kila neno limepata mwenziwe. Siku moja mjomba wangu, mvuvi aliyekwisha kuiacha bahari, alikuwa amekaa barazani akinisikiliza. Mgeni alipokwenda zake, akaniita, "Mjomba," kama wajomba wawaitavyo wapwa wao, "huyo samaki umemtaja. Lakini hayo majani yanayopanda juu yake, yalipofika kwenye kizingiti cha juu yameishaje?" Sikuwa na jibu. Nilikwisha kupita mbele ya mlango ule mara zisizo na hesabu, na pembe yake sikuwahi kuitazama.

Swali lile ndilo lililonifanya niandike makala haya. Nathubutu kusema kwamba nakshi ya mbao katika visiwa vyetu hupimwa kwa mizani miwili tu, na yote miwili haipimi nakshi. Wa kwanza ni bei. Wa pili ni kamusi: orodha ya alama na maana zake, ambayo waongozaji wa wageni wameihifadhi, nasi wenyeji tumeipokea bila ya kuuliza.

Kamusi hiyo ina kasoro iliyo wazi. Mbele ya mlango mmoja, mnyororo mmoja, utamsikia mtu akisema ni kumbukumbu ya utumwa, na mwingine akisema ni ulinzi wa waliomo ndani. Mbao haimsadiki huyu wala yule. Michoro hii ilipita katika mikono ya mafundi wengi, wa Bara Hindi, wa Uarabuni na wa pwani hii yetu, na mchoro unaposafiri huwa kama neno la mkopo: hubaki na umbo, ukapunguza au ukabadili maana. Tutazame misumari mikubwa ya shaba. Husimuliwa kwamba huko India iliwekwa ili kuwazuia tembo wasivunje milango. Unguja hapakuwa na tembo wa kuogopwa, na misumari ikabaki. Imebaki kwa sababu jicho liliitaka: huugawa ubao mpana katika vipande sawa, kama vituo vinavyougawa utenzi, ili mtazamaji apate pa kupumzikia.

Hapana shaka milango hiyo inastahiki sifa. Ile ya zamani yenye vizingiti vilivyonyooka, na ile ya mwisho wa karne ya 19 yenye matao ya kufuata mtindo wa Kihindi. Milango ya Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Sayyid Barghash mwaka 1883, yenye aya zilizochongwa na kutiwa dhahabu. Yote ni kazi ya mikono iliyobobea. Mji Mkongwe ulipoingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, milango ilikuwa miongoni mwa fahari zake. Lakini ni kazi ya ujira: tajiri aliagiza, fundi alichonga, na jina la tajiri ndilo lililobaki.

Pembeni mwa kazi hiyo palikuwa na nyingine isiyolipwa. Wanaume walichonga miiko, mabao, vijahazi vya watoto, na mbuzi za kukunia nazi; walichonga baada ya alasiri, au katika siku za kusi bahari ilipochafuka. Katika michezo tunayo istilahi nzuri ya mtu wa namna hii: mchezaji wa ridhaa. Nami naiazima. Mchongaji wa ridhaa hachongi kwa kuwa ameagizwa, huchonga kwa kuwa moyo wake umeridhia.

Mjomba wangu alikuwa mmoja wao, na mbuzi aliyomchongea mkewe ninayo mimi leo. Niihakiki kama ningehakiki shairi, bila ya kumpendelea mwenye damu yangu. Ni ya mfenesi, mbao ambayo ilikuwa ya manjano na sasa imeingia hudhurungi kwa mafuta ya nazi na mikono. Ni mbao mbili zinazopitana, ulimi wa chuma ukiwa mbele. Ukingoni mwa kikalio mna safu ya mikato ya pembetatu, na ubavuni mna maua ya petali sita yaliyopimwa kwa kamba na msumari, kwani bikari hakuwa nayo. Zana zake zilikuwa patasi mbili, kisu na kinoo.

Ua la kwanza ni baya. Patasi imekwenda kinyume na nyuzi za mbao, na petali mbili zimemeguka. Ua la pili lina woga. Mikato yake haina kina. Kuanzia la tatu mkono umekwisha kuijua mbao, na mikato inakwenda kwa pumzi moja hadi la sita. Kisha pakatokea msiba unaomkuta kila mtunzi: nafasi imekwisha na mstari haujakwisha. Ua la saba halikutosha. Mjomba hakulibana, wala hakuliacha nusu. Alichonga petali tatu, akazirefusha na kuzilaza upande, zikawa jani linaloifunga safu yote. Kosa la hesabu limekuwa kituo. Wahenga walisema mchonga mwiko hukimbiza mkonowe, nasi hufundisha msemo huu kama onyo la hadhari. Katika mbuzi hii nauona pia mkono uliokimbizwa mahali pabaya ukapata mahali pazuri.

Sasa niulinganishe na mlango mpya nilioutazama katika hoteli moja ya pwani. Umechongwa na fundi hodari kunishinda mimi na mjomba wangu tukiunganishwa. Maua yake yote ni sawa, kina ni kimoja, na mbao imepakwa rangi nyeusi ili idhaniwe kuukuu. Ndani yake mmekusanywa samaki, mnyororo, mtende na yungiyungi, na samaki wamepandishwa juu, usawa wa macho, ili wageni wasiwakose. Hakuna mmea unaoota kutoka chini kwenda juu; kila alama imesimama peke yake kama neno katika orodha. Simlaumu fundi, ambaye ana watoto wa kulisha na siku chache za kumaliza kazi. Mteja alimjia na kamusi mkononi akaagiza maneno, naye akamuuzia maneno. Aliyekosekana ni mtu wa kudai sentensi.

Na hapa ndipo penye hasara yenyewe. Tarehe 25 Desemba 2020, sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na kuua watu, tulilia sote, na ilikuwa haki yetu kulia. Mbuzi ya kuchongwa inapokufa haisikiki kishindo. Ulimi hung'oka, nazi hukunwa kwa mashine sokoni, na kikalio huingia jikoni kuwa kuni. Mwenye kudhani kwamba hilo ni jambo dogo na ajiulize: ni nani aliyeweza kuniuliza lile swali la pembe? Si mwongozaji wala mfanyabiashara wa vitu vya kale. Alikuwa ni mvuvi aliyewahi kukwama mwenyewe mwishoni mwa safu ya maua. Mchongaji wa ridhaa ndiye hadhira ya fundi mkuu, kama vile mtaa wenye watu wanaojaribu kutunga ndio unaomsikia malenga akikosea mizani. Ikiondoka hadhira hiyo, fundi hubaki na mnunuzi peke yake, na mnunuzi hatazami pembe.

Kwa hiyo nawaomba wenye makumbusho na shule wasiikusanye milango tu. Waweke na mbuzi, na mwiko, na bao la mtaani, pamoja na makosa yao. Na watoto wapewe patasi na kipande cha mfenesi kabla ya kupewa orodha ya alama.

Mjomba alikwisha kufariki nilipouendea tena ule mlango, safari hii bila ya mgeni. Mwimo wa kushoto, majani yamefika kwenye kizingiti yakajikunja kwa raha. Mwimo wa kulia, fundi alipungukiwa na nafasi, kiasi cha upana wa kidole. Jani la mwisho ni jembamba kuliko wenzake, na amelilaza upande.