Kiyunani cha Kale na Kamusi za Mtandao

Kitabu kidogo cha Kiyunani kiitwacho Periplus ya Bahari ya Erithrea, kilichoandikwa katika karne ya 1 na mfanya biashara wa Misri ambaye jina lake limepotea, kina sura chache juu ya pwani ya Afrika Mashariki. Humo hutajwa Rhapta, bandari ya mwisho ya Azania, mahali palipokuwa na pembe za ndovu na magamba ya ng'amba kwa wingi, na ambapo hata leo hapajulikani kwa yakini palikuwa wapi. Husemwa pia kwamba wafanya biashara wa Mouza, bandari ya kusini mwa Arabuni, walikuwa wakipeleka huko vyombo vyenye manahodha Waarabu, watu waliozoeana na wenyeji, wakaoa kwao, wakajua mahali pao na phone yao. Neno hilo moja, phone, latosha kuwa kipimo cha vyombo ambavyo mwanafunzi wa Kiyunani huvipata siku hizi katika mtandao.

Wanafunzi wa zamani hawakuwa na vyombo hivyo. Kamusi kubwa ya Liddell na Scott ilitoka Oxford mwaka 1843, na toleo lake la tisa, lililosahihishwa na Henry Stuart Jones, likakamilika mwaka 1940. Ni kitabu kizito chenye kurasa zaidi ya elfu mbili, na bei yake haikuwa bei ya mwanafunzi. Hata aliyebahatika kuwa nacho hakuweza kukitumia mpaka awe amekwisha kujua nusu ya lugha. Jambo hili halimshangazi mtu yeyote aliyemfundisha mgeni Kiswahili: akikutana na hawajatutembelea, naye hajui kuvua viambishi, atatafuta chini ya herufi H mpaka jua lichwe. Kiyunani kina ugumu ulio zaidi, maana hata shina hugeuka. Eidon, niliona, huwekwa chini ya horao. Enenkon, nilileta, huwekwa chini ya phero. Watu wengi walikiacha Kiyunani mlangoni, wala si kwa upungufu wa akili.

Mlango huo ulifunguliwa na Perseus, kazi iliyoanzishwa chini ya Gregory Crane katika miaka ya 1980, ikatiwa katika mtandao mwaka 1995, na ambayo makao yake ni Chuo Kikuu cha Tufts huko Marekani. Ndani yake mna matini za waandishi wa kale, kamusi ya mwaka 1940 nzima, sarufi ya Herbert Weir Smyth ya mwaka 1920, na chombo kiitwacho Morpheus, ambacho kazi yake ni kuvua viambishi. Msomaji hubofya neno, akaonyeshwa shina lake, nafsi, wakati na kauli, bila kulipa hata senti. Anayekidharau chombo hicho, akasema kwamba kimewafanya vijana kuwa wavivu, amesahau ni wangapi waliokuwa hawawezi kabisa kuingia, na huenda yeye mwenyewe alikuwa na mwalimu mwema na maktaba karibu.

Walakini Morpheus hajui sentensi. Akipewa eluon atajibu kwamba ni nilikuwa nikifungua, na tena kwamba ni walikuwa wakifungua, kwa kuwa Kiyunani hapo hakitofautishi kama Kiswahili kitofautishavyo kwa ni- na wa-. Palipo na majibu mawili Perseus hukadiria kwa hesabu lipi laelekea kuwa kweli. Makadirio hayo mara nyingi ni sawa, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa sababu msomaji huzoea kuyaamini bila kumtafuta mtenda katika sentensi.

Na sasa neno phone. Maana yake ya kwanza ni sauti. Fasili fupi itokeayo juu katika Perseus ni sauti au mlio, na wasomaji wengi huishia hapo. Kwa fasili hiyo manahodha wa Mouza wangekuwa watu waliojua mlio wa wenyeji, jambo lisilo na maana kubwa, na mwanafunzi angepita asitambue kwamba amekanyaga ushahidi wa kale sana wa lugha iliyosemwa katika pwani hii. Akiifungua makala kamili ya kamusi, na kushuka nayo kwa subira, ataikuta maana ya lugha, na shahidi anayetajwa ni Herodoto katika kitabu chake cha nne. Akimfuata shahidi huyo atapata faida asiyoitazamia, kwani Herodoto anasimulia juu ya Waamazoni na vijana wa Kiskithi walioishi pamoja: wanaume walishindwa kujifunza phone ya wanawake, lakini wanawake walishika ya wanaume, ingawa kwa makosa. Huko pia ndoa na lugha vimekwenda pamoja, kama Rhapta. Periplus haitaji jina la lugha hiyo ya Azania, na wenye haraka ya kuiita Kiswahili hawapati msaada humo. Lakini tofauti baina ya mlio na lugha si ndogo, nayo imo katika makala ileile ambayo fasili fupi huifunika. Katika kitabu cha karatasi jicho halikuweza kuifikia maana ya kwanza bila kuziona na nyingine.

Aliye na njia ya kuingia katika Thesaurus Linguae Graecae, iliyoanzishwa mwaka 1972 katika Chuo Kikuu cha California, Irvine, anaweza kuzikusanya kwa dakika chache mahali pote phone ilipotumiwa, tangu Homero mpaka mwisho wa Bizanti, kazi ambayo zamani ingemchukua mtaalamu miaka. Sehemu ndogo yake ni ya bure. Iliyobaki ni ya ada, na chuo kisicholipa hukaa nje. Zipo pia hazina za sentensi zilizochanganuliwa na wataalamu, za Perseus na za Chuo Kikuu cha Oslo, zinazofaa sana kwa mwanaisimu, ila anayeanza hazimsaidii sana. Logeion ya Chuo Kikuu cha Chicago ni bora kwa matumizi ya kila siku, kwa maana huziweka kamusi kadhaa pamoja, na msomaji aliyeona watunga kamusi wawili wakihitilafiana huacha kumwabudu yeyote.

Kuna ila iliyo nzito kuliko hizo, nayo haikutokana na kompyuta. Kitolewacho bure aghalabu ni cha zamani. Kamusi ya mwaka 1940 iliandikwa kabla Michael Ventris hajafumbua maandishi ya Linear B mwaka 1952, hivyo mwanaisimu anayetaka kujua Kiyunani cha Mikene hawezi kuitegemea. Nyongeza iliyotoka mwaka 1996, ambayo ina maneno hayo, haimo katika Perseus. Kamusi mpya ya Cambridge ya mwaka 2021 hununuliwa. Na Periplus yenyewe yaonyesha jinsi jambo hili liwezavyo kuwagusa watu wa pwani moja kwa moja. Tafsiri ya Kiingereza ya Wilfred Schoff ya mwaka 1912 husomwa bure popote, nayo inasema kwamba wenyeji wa nchi ya Rhapta walikuwa watu wakubwa wa miili na wenye desturi za uharamia. Tafsiri ya Lionel Casson ya mwaka 1989, ambayo ina mwenye haki yake, inasema kwamba walikuwa watu wakubwa wa miili, wakulima. Sababu ni neno moja. Mnakili aliandika horatoi, wanaoonekana, neno lisilokaa vizuri katika sentensi hiyo, na wahariri wakalisahihisha, huyu akitia maharamia, yule akitia walimaji. Morpheus akiulizwa juu ya horatoi atajibu kwa usahihi kabisa kwamba ni wanaoonekana, asiseme neno juu ya ugomvi huo. Basi mwanafunzi wa Mombasa au Dar es Salaam asiye na fedha atasoma kwamba watu wa pwani yake walikuwa maharamia, na mwenzake mwenye fedha atasoma kwamba walikuwa wakulima.

Kwa bahati njema hati yenyewe, ambayo ina umri wa miaka elfu moja na zaidi, imetunzwa Heidelberg, na maktaba ya chuo kikuu cha huko imeipiga picha na kuiweka katika mtandao, ukurasa kwa ukurasa, pasipo malipo. Yeyote aliyejifunza alfabeti na akazoea mwandiko wa mnakili anaweza kuufungua ukurasa wa Rhapta na kulitazama neno hilo mwenyewe.