Kurudisha Nyuma au Kusubiri Zamu: Uhakiki wa Jaribio la Kansas City

Makala ninayoihakiki ni ya R. Vance Hall, Diane Lund na Deloris Jackson, iliyotoka mwaka 1968 katika toleo la kwanza la jarida la Journal of Applied Behavior Analysis. Inahusu watoto sita wa eneo maskini la Kansas City, Kansas, Marekani: mmoja wa darasa la kwanza na watano wa darasa la tatu. Wote walikuwa wasumbufu au wazembe darasani. Watafiti waliuliza hivi: mwalimu akimjali mtoto anaposoma na kumpuuza anapocheza, je, mtoto atasoma zaidi?

Sisi wanafunzi wa Kiswahili tunaojiandaa kuwa walimu huku Uganda tuna sababu ya kuisoma. Mwalimu anayetaka kujua kama mbinu yake imefaa mara nyingi hana namna ya kuligawa darasa, kundi moja lifundishwe na jingine linyimwe. Jaribio la mtu mmoja linampa njia nyingine: mwanafunzi hulinganishwa na yeye mwenyewe, kwa vipimo vingi vinavyorudiwa kabla ya mbinu kuanza na baada yake. Wengi wetu huishia kwenye hiyo kabla na baada. Haitoshi. Katikati hapo huenda mtoto amepata miwani, au jirani yake mchokozi amehama shule.

Hall na wenzake walilijibu pingamizi hilo kwa muundo wa kurudisha nyuma. Mtoto waliyemwita Robbie alikuwa akisoma 25% tu ya muda uliopimwa. Muda mwingine alichezea mipira ya kufungia vitu, akacheka na wenzake, akanywa maziwa polepole kisha akachezea boksi lake tupu. Ndipo utaratibu ukabadilishwa: Robbie anaposoma, mtazamaji anainua kijikaratasi cha rangi bila mtoto kutambua, na mwalimu anamjali. Wastani ukapanda hadi 71%. Baadaye mwalimu akageuza, akawa anamjali wakati hasomi, na kusoma kukashuka. Aliporudia utaratibu wa mwanzo, kukapanda tena. Miwani haiji na kuondoka kwa ratiba ya mwalimu, kwa hiyo ushahidi huu naukubali.

Ninachopinga ni mazoea ya kuuchukua muundo huu kama sare ya shule, ambayo kila tabia lazima ivae. Ulifaa Kansas City kwa sababu kutulia darasani ni tabia inayotegemea mwitikio wa watu, nayo hupanda na kushuka mwitikio ukibadilika. Hata huko, kurudisha nyuma hakukuwa kuondoa msaada tu. Mwalimu alitoa uangalifu wake kwa utundu. Sijui mwalimu mkuu gani wa kwetu angemruhusu mwalimu mwanafunzi afanye hivyo, hata kwa siku chache, na sidhani kwamba angekuwa na kosa kukataa.

Sasa chukua upatanisho wa kisarufi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika "kitabu yangu" na "jina yangu". Ukimfundisha akajua "kitabu changu", utamrudishaje nyuma? Ukiacha kufundisha naye akaendelea kupatia, mstari wa grafu hautashuka, na kwa kanuni za muundo huo mbinu yako itaonekana haijathibitishwa. Yaani mwalimu anapofaulu zaidi ndipo jaribio linapofeli.

Katika toleo hilohilo la 1968, Baer, Wolf na Risley walieleza njia ya pili, ambayo mimi naiita kusubiri zamu: misingi kadhaa hupimwa kwa pamoja, lakini mbinu huanza kwa kupishana. Kwetu kishawishi cha kwanza ni kupishanisha ngeli. Tunapima KI-VI, LI-YA na U-I, tunafundisha KI-VI kwanza, nyingine zinasubiri. Hapa pana mtego. Ngeli si visanduku vilivyofungwa. Mwanafunzi mwerevu akishaona kwamba "ki-" ya kitabu inazaa "ch-" ya changu, ataanza kutafuta siri kama hiyo kwenye jina na mti kabla hujazigusa. Mwalimu atafurahi, lakini mtafiti atakuwa amepoteza misingi yake. Kwa hiyo ningepishanisha wanafunzi watatu, tena wa mikondo tofauti ili wasifundishane wakati wa mapumziko, na kila mmoja aanze pale tu vipimo vya aliyemtangulia vinapoonyesha wazi kwamba amebadilika.

Gharama ya njia hii humwangukia anayesubiri. Mwanafunzi wa tatu anaulizwa kila siku asichofundishwa. Atachoka, au atajibu ovyo, na ule msingi hautakuwa wa kweli. Horner na Baer walipendekeza mwaka 1978 kwamba wanaosubiri wapimwe mara chache, kwa vituo, badala ya kila siku. Kwa mazoezi mafupi ya kufundisha naona hilo ndilo la kufuata: sentensi kumi kwa kila mwanafunzi mwanzoni, tena kila mwenzake anapokaribia kuanza, halafu vipimo vitatu mfululizo kabla ya zamu yake mwenyewe. Kwa kelele darasani au kuchelewa vipindi ningerudi kwa Hall na wenzake, ila kwa kurudisha nyuma ningeacha tu kusifu, nisiusifu utundu.