Biskuti Mpya, Sambusa za Friza: Jinsi ya Kuonja kwa Haki

Kiwanda cha biskuti kikiacha siagi na kutia mafuta ya mawese ili kupunguza gharama, kuna maswali mawili ya kujibu. Je, mlaji ataitambua tofauti? Na je, ataipenda biskuti mpya? Kila swali lina jaribio lake, na anayeyachanganya hapati jibu la lolote.

Swali la kwanza ni kazi ya jaribio la pembetatu, lililotumiwa miaka ya 1940 katika kiwanda cha bia cha Carlsberg, Copenhagen. Mwonjaji hupewa sampuli tatu: mbili za aina moja, moja tofauti. Aitaje iliyo tofauti, na asipokuwa na hakika achague vivyo hivyo. Nguvu ya jaribio iko hapo. Anayebahatisha hupatia mara 1 kati ya 3, kwa hiyo bahati imeshapigiwa hesabu kabla mtu hajatafuna. Kwa waonjaji 30, bahati huleta kama majibu 10 sahihi. Yakifika 15, hayo ni matokeo ambayo bahati tupu huyaleta chini ya mara 5 katika 100. Kiwanda kikubali kuwa tofauti ipo.

Hesabu hiyo husimama tu ikiwa ulimi umeachwa ufanye kazi peke yake. Sampuli zisiitwe A na B wala 1 na 2, maana watu huelemea herufi ya kwanza na namba ndogo. Zipewe namba za tarakimu tatu zisizo na mpangilio, kama 482 na 915. Mipangilio yote sita ya sampuli igawanywe sawasawa kwa waonjaji. Biskuti moja ikiwa imeiva rangi zaidi, taa nyekundu huificha tofauti hiyo. Maji ya kusukutua yawepo, na kila mtu aandike jibu kabla ya kumtazama jirani, kwa sababu uso uliokunjamana huambukiza.

Sambusa za kugandishwa zinadai uangalifu zaidi, kwani upishi wenyewe unaweza kuharibu jaribio. Zikigandishwa polepole, maji ya kitunguu na nyama hufanya chembe kubwa za barafu zinazopasua kitunguu na nyama kwa ndani. Sambusa ikikaangwa, maji hayo hutoka na kulowesha manda. Lakini manda hulowa pia kwa sababu zisizohusu kiwanda: sambusa nyingi za baridi zikitiwa karai kwa mara moja, mafuta hupoa; na zikisubiri kwenye sahani, mvuke wa nyama hupanda kwenye manda. Basi aina zote mbili zinazolinganishwa zitoke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri, zikaangwe kwa idadi moja, joto moja na muda mmoja, ziliwe baada ya dakika zilezile. Bila hivyo, mwonjaji anampima mpishi.

Swali la kupenda lina kipimo chake cha alama 9, kilichoundwa Chicago karibu na mwaka 1950 na David Peryam na wenzake waliopima chakula cha jeshi la Marekani. 1 ni kuchukia mno, 9 ni kupenda mno, 5 ni katikati. Hapa wasiulizwe wafanyakazi wa kiwanda wala waonjaji waliofunzwa kusaka kasoro. Waulizwe walaji, na wale kama walavyo nyumbani. Biskuti inayochovywa kwenye chai ya maziwa kila asubuhi haiwezi kuhukumiwa ikiwa kavu tu: ipimwe kavu, kisha ipimwe kwenye chai, tuone kama inashika au inameguka na kuzama kikombeni.

Hakuna mashine ya bei ghali katika haya yote. Mama anayeuza sambusa za friza mtaani anaweza kuyafanya kwa majirani 30, sahani, vikaratasi na saa. Nawasihi wazalishaji wadogo wafanye hivyo kabla ya kubadilisha unga au mafuta, kwa maana mteja anayeonja tofauti mara nyingi halalamiki; hununua kwingine.