Wafunga Milango wa Debian

Tarehe 12 Januari 2023, kikosi kidogo kinachosimamia matoleo ya Debian, mfumo huria wa kuendesha kompyuta, kilianza kufunga milango. Kwanza yalizuiwa mabadiliko yanayolazimisha vifurushi vingi vya programu kujengwa upya. Februari 12 ikawa zamu ya vifurushi vipya. Machi 12, vile vya msingi vikawa havipiti bila kibali, na Mei 24 sharti hilo likaenea kwa vyote. Debian 12 ikatoka Juni 10, ikiwa na vifurushi 64,419.

Sehemu kubwa ya programu hizo imeandikwa na watu walio nje ya Debian, kila mmoja na ratiba yake na haraka yake. Kuzifikisha zote siku moja zikiwa zinaelewana ni ufundi mkubwa.

Ufundi wenyewe unaonekana kwenye ombi la kibali. Mtunza kifurushi hueleza alichobadilisha, sababu yake na hatari iliyopo, kisha huambatanisha tofauti ya toleo la zamani na jipya: mstari ulioondolewa una alama ya kutoa, ulioongezwa una alama ya kujumlisha. Msimamizi huipitia mistari hiyo mmoja mmoja. Mistari mitano inayoziba tundu la usalama ina nafasi nzuri ya kupita. Toleo jipya zima, hata likiwa zuri, huambiwa lisubiri.

Kurekebisha hitilafu nako kuna kanuni yake. Machi 2002 iligundulika hitilafu katika zlib, maktaba ndogo ya kubana data. Toleo la 1.1.4 liliirekebisha, lakini programu nyingi zilikuwa zimebeba nakala zao za zlib tumboni, na kila nakala ilibidi isakwe ilipo. Mikasa ya aina hiyo ndiyo inayoipa uzito kanuni ya Debian inayowataka watunza vifurushi waepuke nakala hizo na kutegemea maktaba moja ya pamoja. Ikirekebishwa hiyo moja, wote wamepona.

Machi 29, 2024, mhandisi wa programu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu nyingine ya kubana data, yana mlango wa siri uliofichwa ndani yake. Kilichomshtua ni kuona kuingia kwenye kompyuta nyingine kwa SSH kunachelewa takriban nusu sekunde. Matoleo hayo yalikuwa yameshafika kwenye tawi la majaribio la Debian. Ubuntu, mfumo unaotokana na Debian, iliahirisha toleo la majaribio la 24.04 kwa wiki moja ili vifurushi vijengwe upya. Waliokuwa kwenye Debian 12, iliyofungwa mwaka mmoja kabla, walikuwa bado wanatumia 5.4.1, na mlango ule haukuwafikia.

Debian 13 nayo ilifungwa hatua kwa hatua, kuanzia Machi 15, 2025 hadi ilipotoka Agosti 9, na maombi yake yakasomwa na watu wanaojitolea.